Kuuliza Bila Kufichua: Mafunzo ya Watoa Huduma ya Afya ya Akili kwa Jumuiya za LGBT katika Pwani ya Kenya

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuwaandaa watoa huduma ya afya ya akili ili waweze kuzihudumia jumuiya za LGBT, yaani wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, watu wenye mvuto kwa jinsia zote mbili, na watu ambao utambulisho wao wa kijinsia hauafikiani na jinsi waliyosajiliwa nayo walipozaliwa. Mjadala unajikita katika pwani ya Kenya. Hoja kuu ni kwamba mafunzo yanayoishia katika kutoa maarifa na kulegeza mitazamo hayatoshi mahali ambapo mteja anaweza kupoteza jamaa, makazi, kazi au uhuru kwa sababu ya neno lililotoka katika chumba cha ushauri. Makala yanaonesha kwamba kiini cha mafunzo hayo ni stadi tatu: kuuliza kwa lugha isiyomfungia mteja mlango, kutunza siri kuanzia langoni hadi katika jalada, na kukubali kusahihishwa kupitia usimamizi wa kitaaluma unaoendelea.

Maneno muhimu: afya ya akili, ushauri nasaha, LGBT, unyanyapaa, usiri, sitara, mafunzo kazini

1.0 Utangulizi

Kisa kifuatacho ni cha kubuni, lakini kinaweza kutumika katika darasa lolote la ushauri nasaha. Kijana wa miaka 26 anafika katika kituo cha afya cha mji mdogo wa pwani. Anasema halali usiku, moyo unamwenda mbio, na hamu ya chakula imemtoka. Muuguzi, mama wa makamo, anaitikia shikamoo yake kwa upole, anamwita "mwanangu" na kumuuliza: "Umeoa?" Kijana anajibu kuwa bado. "Sasa unangoja nini? Ukipata mke mwema mawazo yatapungua." Kijana anatabasamu, anapokea dawa, anaaga kwa heshima. Harudi tena.

Hakuna tusi lililotamkwa katika mazungumzo hayo. Muuguzi ametenda kwa ukarimu na kwa adabu za mahali pake. Hata hivyo, kama kijana huyo alikuwa amefika akiwa na siri inayomkosesha usingizi, swali la pili tu lilitosha kumjulisha kwamba siri hiyo haina pa kukaa katika chumba kile. Tatizo hapa halikutokana na chuki. Lilitokana na ukosefu wa stadi.

Tofauti hiyo ina uzito katika kupanga mafunzo. Iwapo kikwazo kingekuwa chuki pekee, ingetosha kuibadili mitazamo ya watoa huduma. Iwapo kingekuwa kutojua pekee, ingetosha kuwapa taarifa. Makala haya yanadai kwamba mtoa huduma anaweza kuwa na mtazamo mwema na taarifa sahihi, na bado akamdhuru mteja kwa namna anavyouliza, anavyoandika na anavyozungumza na wenzake baada ya kikao.

2.0 Taaluma iliyobadili kauli yake

Mafunzo ya aina hii huanza na historia ya taaluma yenyewe, kwa kuwa mteja mara nyingi anaifahamu historia hiyo kuliko anayemhudumia. Toleo la kwanza la mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, lililotoka mwaka 1952, liliuorodhesha mvuto wa kimapenzi kwa watu wa jinsia moja kuwa ni maradhi. Kauli hiyo ilijengwa zaidi juu ya watu waliokuwa tayari hospitalini au gerezani. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Evelyn Hooker alichapisha matokeo ya utafiti uliolinganisha wanaume 30 wanaopenda wanaume na wengine 30 wasio hivyo, wote wakiwa nje ya matibabu. Wataalamu waliopewa majibu ya majaribio ya kisaikolojia bila kuambiwa ni ya nani hawakuweza kuyatenganisha makundi hayo mawili.

Mwaka 1972, katika mkutano wa madaktari hao uliofanyika Dallas, daktari John Fryer alizungumza akiwa amevaa kinyago na sauti yake ikiwa imebadilishwa kwa kipaza sauti, ili aweze kueleza kwamba yeye ni daktari wa akili na ni mwanamume anayependa wanaume. Mwaka uliofuata, 1973, chama hicho kiliuondoa mwelekeo huo katika orodha yake ya magonjwa. Shirika la Afya Duniani lilifanya hivyo mwaka 1990 kupitia toleo la kumi la uainishaji wake. Katika toleo la kumi na moja, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, hali ya kutowiana kwa utambulisho wa kijinsia na jinsi ya kuzaliwa nayo iliondolewa katika sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa katika sura inayohusu afya ya kijinsia.

Barani Afrika historia hiyo ina alama zake. Katika jeshi la Afrika Kusini la enzi ya ubaguzi wa rangi, baadhi ya vijana walioandikishwa kwa lazima walipigwa shoti za umeme na madaktari kwa lengo la kugeuza mwelekeo wao. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuongoza katika kurekebisha. Mwaka 2013 Chama cha Saikolojia cha Afrika Kusini kilitoa tamko kuhusu wingi wa mielekeo ya kimapenzi na tambulisho za kijinsia, na mwaka 2017 kikapitisha mwongozo wa utendaji wenye vipengele 12, wa kwanza wa aina yake katika bara. Mwongozo huo haumtaki mwanasaikolojia ajue habari za wateja tu. Unamtaka pia atambue na kurekebisha upendeleo wake mwenyewe, na aendelee kujifunza katika muda wote wa kazi yake. Chama cha Madaktari wa Akili Duniani nacho, katika tamko lake la mwaka 2016, kilieleza kwamba tiba zinazodai kugeuza mwelekeo wa kimapenzi hazina msingi wa kisayansi na zinaweza kudhuru.

Mafunzo hayana budi kulieleza jambo hili bila kulipunguza makali: taaluma ilikosea, ikadhuru, kisha ikajirekebisha kwa ushahidi. Mwanafunzi anayeyajua hayo huelewa kwa nini mteja huingia chumbani akiwa na tahadhari, wala haichukulii tahadhari hiyo kuwa dalili ya ugonjwa.

3.0 Msongo wa walio wachache na dhana ya sitara

Nadharia inayotumika zaidi kueleza kwa nini watu wa LGBT hukabiliwa na sonona, wasiwasi na mawazo ya kujiua kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine ni ile ya msongo wa walio wachache, iliyofafanuliwa na Ilan Meyer mwaka 1995 na kupanuliwa mwaka 2003. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, maradhi hayatokani na mwelekeo wenyewe. Yanatokana na mzigo wa ziada unaobebwa na mtu aliye katika kundi lenye kunyanyapaliwa. Mzigo huo una tabaka nne: matukio ya ubaguzi na ukatili, kuishi ukitarajia kukataliwa, kuficha, na kujichukia kunakotokana na kuyameza maneno ya jamii.

Nadharia hii ina manufaa makubwa darasani kwa sababu inalihamisha swali la kitabibu. Mtoa huduma hamuulizi tena mteja kwa nini yuko hivyo. Anauliza ni mzigo gani anaoubeba, na ni upi kati ya hiyo unaoweza kupunguzwa. Hata hivyo, tabaka la tatu, yaani kuficha, halina budi kusomwa kwa uangalifu linapofika pwani. Katika miji ya Marekani ambako nadharia ilizaliwa, mshauri anaweza kukuona kuficha kuwa kikwazo cha afya na kumhimiza mteja ajitambulishe kwa familia yake. Ushauri huohuo ukitolewa Malindi au Kwale unaweza kumfikisha mteja barabarani bila makazi usiku uleule.

Utamaduni wa Waswahili una dhana inayosaidia kulifikiri jambo hili: sitara. Kusitiri ni kufunika kwa heshima, na mtu aliyesitiriwa amelindwa utu wake. Mambo mengi ya ndani, ya ndoa na ya mwili, hayazungumzwi hadharani, wala kutozungumzwa kwake hakuchukuliwi kuwa uongo. Kwa muda mrefu maarifa ya unyumba yalipitishwa faraghani kupitia kungwi na somo, na aliyefundwa alijua wapi pa kusema na wapi pa kunyamaza. Mtoa huduma aliyekulia katika adabu hiyo tayari anayo nyenzo ambayo mitaala ya kigeni haimpi.

Nyenzo hiyo ina mpaka wake. Kusitiriwa si sawa na kulazimishwa kujificha. Mtu husitiriwa na wanaomthamini, ilhali anayejificha kwa hofu hana wa kumsitiri. Kazi ya mshauri ni kumsaidia mteja apambanue hali hizo mbili katika maisha yake: nani anajua na analinda, nani hajui na ni salama asijue, na wapi kunyamaza kumegeuka kuwa upweke unaoua. Uamuzi wa kusema au kutosema unabaki kuwa wa mteja. Mafunzo yanayoleta fundisho la kujitangaza bila upambanuzi huu yanahamisha hatari kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mteja.

4.0 Tajriba ya Kilifi na mafundisho yake

Pwani ya Kenya ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika Mashariki ambako mafunzo ya watoa huduma kuhusu jumuiya hizi yamefanyiwa tathmini iliyochapishwa. Watafiti wa Kilifi wakiongozwa na Elise van der Elst walichapisha mwaka 2013 matokeo ya mafunzo ya siku mbili yaliyotolewa kwa wahudumu wa afya 74, kwa kutumia moduli za mtandaoni kuhusu huduma kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume. Maarifa na mitazamo vilipimwa kabla ya mafunzo na tena baada ya miezi mitatu. Idadi ya waliokuwa na maarifa ya kutosha ilipanda kutoka asilimia 13 hadi asilimia 49, na chuki ilipungua, hasa miongoni mwa wale waliokuwa nayo kwa wingi mwanzoni.

Matokeo hayo yanavunja dhana kwamba wahudumu wa pwani, walio wengi wao watu wa dini, hawafundishiki. Siku mbili zilitosha kuleta mabadiliko yaliyodumu kwa robo mwaka. Hata hivyo, yanaonesha mipaka mitatu ambayo mpangaji wa mafunzo ya afya ya akili anapaswa kuizingatia.

Kwanza, takribani nusu ya waliofunzwa walikuwa bado hawajafikia kiwango cha kutosha baada ya miezi mitatu. Pili, kilichopimwa ni majibu ya hojaji. Hojaji huonesha mtu anachojua na anachosema anakihisi, lakini haioneshi atakachomuuliza mteja aliyeketi mbele yake akiwa kimya. Tatu, mafunzo hayo yalihusu zaidi maambukizi ya VVU na huduma za jumla kwa wanaume. Wanawake wanaopenda wanawake, ambao hawahesabiwi kuwa kundi lenye hatari kubwa ya VVU, na watu waliobadili jinsia hukosa nafasi katika mitaala iliyojengwa kwa fedha za UKIMWI. Huduma ya afya ya akili haiwezi kurithi mpaka huo, kwa kuwa sonona haichagui njia ya maambukizi.

5.0 Lugha ya chumba cha ushauri

Mitaala mingi huandikwa kwa Kiingereza, lakini kikao hufanyika kwa Kiswahili. Pengo hili huachwa kwa mtoa huduma alizibe peke yake, naye hulizibia kwa maneno ya mtaani. Hapo ndipo madhara huanza.

Neno "shoga" ni mfano mzuri. Kwa wanawake wa pwani neno hilo limekuwa la mapenzi, mwanamke akimwita rafiki yake "shoga yangu". Likielekezwa kwa mwanamume hugeuka kuwa tuhuma au tusi. "Msagaji", "hanithi" na "basha" nayo hubeba hukumu ndani yake hata yanapotamkwa kwa sauti ya kitabibu. Wapo wateja wanaojiita kwa baadhi ya majina hayo kwa fahari au kwa utani wa ndani ya kundi lao, lakini ruhusa ya mtu kujiita jina haimpi mwingine ruhusa hiyohiyo. Kanuni ya kufundishwa ni nyepesi: mtoa huduma hatangulii kumpa mteja jina. Husubiri, husikiliza neno analolitumia mteja, na ikibidi huuliza, "Ungependa nikutaje vipi?"

Kwa upande mwingine, Kiswahili kinampa mtoa huduma faida ambayo Kiingereza hakina. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakitaji jinsia. "Ananipenda", "tuligombana naye", "alihama mwezi uliopita" ni sentensi kamili ambazo hazimlazimishi mteja kufichua kama mwenzake ni mwanamume au mwanamke. Maneno "mwenzi", "mpenzi" na "mchumba" yana sifa hiyohiyo. Mteja anaweza kueleza huzuni yake yote tangu mwanzo hadi mwisho na kuliacha suala la jinsia hadi atakapokuwa tayari.

Faida hiyo hupotea mara tu kikao kinapoingia katika msamiati wa ndoa. Kitenzi "oa" na kauli yake ya kutendwa "olewa" hugawa majukumu kwa jinsia: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Swali "Umeoa?" likielekezwa kwa mwanamume limeshachagua jibu kabla hajafungua kinywa. Katika igizo dhima, wanafunzi wanapaswa kulirudia kikao cha kijana wa miaka 26 kwa maswali mengine: "Siku hizi ni nani aliye karibu nawe zaidi?" "Yupo unayeweza kumwambia mambo yanapokuwa mazito?" "Kukosa usingizi kulianza wakati gani, na wakati huo kulitokea nini?" Maswali haya hayahitaji mteja awe wa kundi lolote. Yanamfaa pia mjane, mtalaka na kijana aliyegombana na wazazi. Uzuri wake ni kwamba hayamtengi yeyote.

Miito ya ukoo nayo inahitaji kutafakariwa. "Mwanangu", "mama", "mjomba" na "shangazi" hujenga ukaribu na ni sehemu ya heshima ya pwani. Kuyapiga marufuku kungekifanya kikao kiwe baridi na cha kigeni. Lakini kwa mteja ambaye chanzo cha hofu yake ni familia, mtoa huduma anayejiweka katika nafasi ya mzazi huenda akaonekana kuwa mlango mwingine wa hukumu ileile. Mwanafunzi afundishwe kuusoma uso wa mteja anaposikia "mwanangu". Akiona amejikunja, arudi katika jina lake.

Zipo nyakati ambapo swali la moja kwa moja ni la lazima, kwa mfano linapohusu ukatili wa kingono au hatari ya kujiua. Hapo mtoa huduma hutanguliza sababu ya kuuliza na haki ya kutojibu, ndipo aulize bila kumung'unya maneno.

6.0 Siri, sheria na jalada la mteja

Mtoa huduma asiyeijua sheria humdhuru mteja kwa njia mbili: kwa kumtisha bila sababu, au kumtuliza kwa ahadi asiyoweza kuitimiza. Nchini Kenya, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinaadhibu matendo ya kingono, na kifungu cha kwanza kina adhabu ya hadi miaka 14 gerezani. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Vifungu hivyo vinahusu tendo. Havimfanyi mtu kuwa mkosaji kwa mvuto alio nao, wala kwa kumweleza mshauri yanayomsumbua. Wakati huohuo, Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya afya katika kifungu cha 43 na haki ya faragha katika kifungu cha 31.

Hofu ya wateja kwa wahudumu wa afya si ya kufikirika. Kufuatia kukamatwa kwa wanaume wawili katika Kaunti ya Kwale mwaka 2015, wahudumu wa afya walitumiwa kuwafanyia uchunguzi wa sehemu ya haja kubwa kwa lazima ili kupata ushahidi. Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa iliamua mwezi Machi 2018 kwamba uchunguzi wa aina hiyo unakiuka Katiba. Kila mteja wa pwani aliyeisikia habari hiyo anajua kwamba koti jeupe liliwahi kusimama upande wa pili.

Kwa nchi jirani hali ni nzito zaidi. Tanzania, kupitia kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, inatoa kifungo kisichopungua miaka 30. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2023, iliweka wajibu wa kutoa taarifa kuhusu matendo hayo. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliuondoa wajibu huo tarehe 3 Aprili 2024, ingawa iliacha sehemu kubwa ya sheria ikisimama. Mfano wa Uganda unaonesha kwa nini mafunzo hayawezi kunakiliwa kutoka nchi moja hadi nyingine bila somo la sheria kuandikwa upya. Ushauri uliokuwa salama Mombasa ungeweza kuwa mtego Kampala.

Mipaka ya siri hutajwa kabla mteja hajafunguka. Kauli ya kufundishwa inaweza kuwa hii: "Kabla hujaniambia lolote, nikueleze yatakayobaki humu ndani na yale ambayo huenda nikalazimika kuyapeleka kwingine." Mambo hayo ya pili ni machache, kama vile hatari ya karibu kwa uhai au mtoto anayedhulumiwa, na yatajwe kwa majina yake. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba, jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Mteja aliyekuwa na mawazo ya kujiua na siri ya mwelekeo wake alibeba hofu mbili za kisheria kwa pamoja, na hofu ya namna hiyo haiondoki siku hukumu inaposomwa.

Jalada nalo ni mdomo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inautaja mwelekeo wa kimapenzi kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Mafunzo yanapaswa kumpa mwanafunzi zoezi la kuandika kumbukumbu ya kikao kimoja mara mbili: mara ya kwanza kama alivyozoea, mara ya pili akiacha kila taarifa isiyohitajika kwa matibabu. Maneno "msongo unaohusu uhusiano wa karibu, hofu ya kukataliwa na familia, usingizi wa saa tatu" yanamwongoza mtaalamu anayefuata bila kumweka mteja hatarini iwapo karani, jamaa au askari atalifungua jalada. Kuandika kwa uangalifu si kughushi. Kila kilichoandikwa lazima kiwe kweli.

7.0 Imani ya mtoa huduma

Suala la dini mara nyingi hukwepwa katika mafunzo, au huletwa kwa namna inayowafanya wanafunzi wajione wanashtakiwa. Wahudumu wengi wa pwani ni Waislamu au Wakristo wanaoishika dini yao, na wapo wanaoamini kwamba matendo haya ni dhambi. Mafunzo yanayomtaka mhudumu aikane imani yake yatamfanya anyamaze darasani na kuendelea na mazoea yake chumbani. Yanayofaa kudaiwa ni matendo: asimhubirie mteja, asimwahidi tiba ya kumgeuza, asimtangaze, asimnyime huduma ambayo angempa mwingine.

Rufaa nayo isitumike kama njia ya kukwepa. Katika mji wenye mshauri mmoja, kumwambia mteja "nenda kwa mwingine" ni kumfukuza kwa adabu. Aidha, mteja mwenyewe anaweza kuwa mtu wa ibada, anayeswali au kwenda kanisani kila juma, na asiyetaka kuchagua kati ya imani na nafsi yake. Mtoa huduma asimharakishe kuacha lolote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

8.0 Muundo wa mafunzo unaopendekezwa

Kutokana na mjadala huu, mafunzo yanayofaa yana hatua tano. Hatua ya kwanza ni kujichunguza: mwanafunzi huandika, kwa ajili yake mwenyewe, alichofundishwa utotoni kuhusu watu hawa na anachohofia kukutana nao. Ya pili ni maarifa ya historia, nadharia na sheria ya nchi husika. Ya tatu ni lugha, inayofundishwa kwa Kiswahili na kwa igizo dhima linalorudiwa hadi maswali mapya yazoeleke kinywani. Ya nne ni matembezi ya kituo: wanafunzi hupita njia ya mteja kuanzia kwa mlinzi, foleni, meza ya karani hadi chumbani, wakiandika kila mahali ambapo siri inaweza kuvuja. Ya tano ni usimamizi wa kitaaluma wa kila mwezi kwa muda usiopungua mwaka, ambapo watoa huduma huleta visa visivyo na majina na kusahihishwa na wenzao.

Walengwa wasiwe madaktari bingwa na wanasaikolojia peke yao. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limehimiza, kupitia mpango wake wa kuziba pengo la afya ya akili, huduma hii itolewe pia na wahudumu wasio mabingwa. Nchini Kenya mteja hukutana kwanza na afisa wa kliniki, muuguzi, mshauri au mhudumu wa afya ya jamii. Mlinzi na karani nao wapewe sehemu yao, kwa sababu siri nyingi hupotea kabla mteja hajamwona mtaalamu.

Watu wa LGBT washirikishwe katika kuandaa na kufundisha, walipwe kama wakufunzi wengine, na wawe na uhuru wa kutotaja majina yao. Wasigeuzwe maonesho ya majeraha kwa ajili ya kuwaliza wanafunzi. Tathmini nayo ivuke hojaji: itumie wateja waigizaji waliofunzwa, mapitio ya majalada yaliyoondolewa majina, na kipimo rahisi kuliko vyote, yaani iwapo wateja wanarudi kwa kikao cha pili.

Tahadhari moja inabaki. Kituo kisijitangaze kwa mabango kuwa rafiki wa kundi hili. Tangazo la nia njema linaweza kuwaelekeza maadui mlangoni. Ubora wa huduma utajulikana kwa njia ambayo habari za kuaminika hupita pwani: mtu kumnong'oneza mwenzake kwamba pale unasikilizwa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba mafunzo ya watoa huduma ya afya ya akili kwa jumuiya za LGBT yanahitaji kuvuka hatua ya maarifa na mitazamo. Tajriba ya Kilifi imethibitisha kuwa hatua hiyo inawezekana, lakini haikulenga kupima kinachotokea ndani ya kikao. Kiswahili kina nyenzo za kumhifadhi mteja katika nafsi yake isiyotaja jinsia na katika dhana ya sitara. Kina pia mitego katika msamiati wa ndoa na majina ya matusi. Mafunzo hayawezi kubadili sheria wala kuizuia familia isimfukuze mwanawe. Yanaweza kuhakikisha kwamba kijana wa miaka 26 aliyekosa usingizi anaulizwa ni nani aliye karibu naye, kwamba jibu lake haliandikwi pasipohitajika, na kwamba anapotoka chumbani anajua anaweza kurudi. Kwa mtu anayewaza kuikatisha roho yake, uwezekano wa kurudi una uzito wa uhai wenyewe.